Seva Iliyojisikiliza Yenyewe

Makomredi wa bwenini, leo nimepinduliwa na kompyuta yangu mwenyewe.

Nilisimama ukumbini hapa Ng'ambo, mbele ya mlezi wetu wa wanafunzi, Mama Mwanaidi, kuzindua mfumo wa malalamiko tulioujenga kwa Django, zana ya kutengenezea tovuti. Alikuwa ameahidi kwamba ukifanya kazi leo, hoja yetu ya maji ya bweni ataipokea humo. Ukishindwa, tunarudi kwenye sanduku la maoni, lile ambalo ufunguo wake ulishapotea.

Nikahutubia. Nikatamka kwamba uongozi umezoea kusikiliza sauti yake wenyewe.

Makofi!

Nikaandika anwani ubaoni: 127.0.0.1:8000.

"Fungueni simu zenu, umma useme!"

Simu zote zikagoma. Kwenye kompyuta yangu mfumo uling'aa.

Nikalaumu mtandao. Nikalaumu, Mungu anisamehe, ubeberu.

Ndipo akainuka Shija wa Puge, niliyeujenga naye mfumo. "Komredi, hiyo anwani maana yake ni 'mimi mwenyewe'. Kila simu inajitafuta yenyewe. Na seva umeiwasha isikilize kompyuta yako tu."

Mama Mwanaidi akavua miwani taratibu.

"Kwa hiyo, mwanangu, umetujengea uongozi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. (Chekeni na nyie kwenye maoni, ruksa.)

"Shikamoo, mama," ndilo jibu pekee nililolipata.

"Marahaba. Karekebishe. Nakupa nafasi moja tu."

Basi tukutane Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi uleule. Njooni na simu zenye chaji. Seva itasikiliza kila mtu, Komredi Shija atahutubia, na mimi nimepangiwa kunyamaza.