Mwavuli wa Saa Nane

Kwetu Lurambi mvua hunyesha saa nane mchana. Si kila siku, lakini nimeandika kwenye daftari siku nyingi vya kutosha kujiamini. Ikifika saa saba na nusu mahindi yameshaanuliwa, nguo zimetolewa kambani, nami nimeketi kibarazani nikiingoja kama mgeni niliyemwalika mwenyewe.

Mke wangu alikuwa na ombi moja. Kabla magoti yake hayajakataa kabisa, alitaka kusimama kwenye mdomo wa mlima uliowahi kutema moto. Nilijiandaa mwaka mzima kwa vitabu vya kuazima. Tulipofika Ngazidja, kisiwa cha jua kali na mawe meusi hadi ufukweni, nilizijua aina za mawe hayo kuliko nilivyojua chumba chetu kilipo.

Siku ya kwanza tulipanda kilima chenye kasoko, shimo lililoachwa na moto wa zamani. Mama aliyetuongoza alisema imebaki nusu saa kufika juu. Nikatazama saa: saba kasorobo. Upande wa bahari kulikuwa na wingu la ukubwa wa leso. Nikaeleza, kwa utaratibu, jinsi kokoto za volkano zinavyoteleza zikilowa, kisha nikaamua turudi. Kiongozi alinitazama, akamtazama mke wangu. Mke wangu akageuka, akaanza kushuka.

Saa nane kamili, kwenye nyumba ya wageni, jua lilikuwa linachoma. Uani kulikuwa na karafuu zimeanikwa mkekani. Sikumbuki kuamua lolote. Nilijikuta nimepiga magoti, nazizoa niziingize ndani. Mwenye nyumba akatoka, akaniuliza kwa adabu kama karafuu zake zimenikosea.

Mke wangu alikuwa ameweka mguu juu ya kiti, goti limevimba. Kushuka huumiza goti kuliko kupanda. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma.

"Baba watoto," akasema, "ile mvua uliiacha Lurambi. Haikupanda ndege."

Nikazirudisha karafuu mkekani, nikazitandaza kwa uangalifu mkubwa, maana sikuweza kumtazama. Ilikuwa imebaki siku moja tu.

Kesho yake alipanda akiegemea mwavuli wangu: hatua chache, pumziko, hatua chache. Tulipofika pale nilipotugeuza jana, alisimama akaninyooshea mkono. Nilidhani anataka maji.

"Nipe hiyo saa."

Nikaivua. Akaitia mkobani, akafunga zipu, akaendelea kupanda.

Kule juu shimo lilikuwa pana, jeusi, kimya kabisa. Nikaanza kumweleza lilivyoumbika.

"Nyamaza kidogo," akasema. "Naangalia."

Nikanyamaza. Jua lilituwakia, goti lake likitetemeka, na bado hakutaka kuketi. Kwa makadirio yangu ilikuwa inakaribia saa nane, lakini sikuwa na namna ya kuthibitisha.