Makala Iliyofungiwa Kabatini

Jumatatu asubuhi redio ya mji wetu ilisoma tangazo la kifo cha mwanamke mmoja, mhadhiri wa biokemia, mke wa mtu na mama wa watoto wanne, aliyekufa kwa homa ya matumbo katika hospitali ambako, kama wengi wenu mnavyojua, siku hizi mgonjwa huja na shuka lake, sindano zake na ndoo yake ya maji. Msomaji wa tangazo alimwita daktari wa sayansi. Hakuwa daktari wa sayansi. Shahada hiyo aliifanyia kazi miaka mingi hapa Likasi na hakupewa, na sababu ya kutopewa ndiyo inayonifanya niwaandikie leo. Nilikuwa nimeshika jembe, natoka kwenda kwenye shamba langu la mahindi, maana safu hii hailishi mtu. Nikarudi ndani nikaketi. Mazishi yalikuwa yamekwisha kufanyika jana yake. Chumba cha maiti hakina umeme, na watu wa Likasi wamejifunza kuzika upesi.

Nilimfahamu kwa sababu ya mashine. Gazeti letu dogo lilikuwa na roneo, mashine ya kuchapa kwa stensili, ya kuzungusha kwa mkono, na wakati ule ilikuwa mojawapo ya mashine chache mjini ambazo bado zilifanya kazi bila kungoja umeme. Aliingia ofisini na bahasha kifuani, akaamkia, akauliza kama tunaweza kumchapia kurasa chache akileta karatasi zake mwenyewe. Nilidhani ni nyimbo za kwaya. Kumbe ilikuwa ni makala ya kisayansi kuhusu sumu iliyomo ndani ya mihogo michungu, aliyoinakili yote kwa mkono, majedwali na vielelezo pia, kutoka kwenye nakala ya kuazima. Alitaka wanafunzi wake wapate kila mmoja yake. Nilimuuliza kwa nini asiwasomee tu darasani. Akasema, “Papa, kama ninawasomea, watanisikia minye. Niko nataka wamusikie ule aliyeandika.”

Vijana wa leo hawawezi kujua jinsi mtafiti wa mji huu alivyopata maarifa miaka ile. Hapo awali kampuni ya migodi ilikuwa na chumba cha majarida, na mtu mwenye adabu na sababu ya maana aliruhusiwa kukaa humo akasoma. Mishahara ilipokatika na viwanda vikanyamaza, majarida yaliacha kuja. Kisha ikaja mwaka ule ambapo majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa na kupakiwa kwenye treni, na pamoja nao wakaondoka walimu, wahandisi, na karibu nusu ya wanafunzi wa mhadhiri huyu. Posta ilibaki jengo tu. Basi yeye alibuni posta yake. Mwishoni mwa kila makala huwa pana orodha ya makala nyingine ambazo mwandishi alizisoma. Yeye aliisoma orodha hiyo kama wengine wanavyosoma matangazo ya kazi. Akiona kichwa anachokihitaji, alimwandikia mwandishi mwenyewe, popote alipo duniani, akimwomba nakala. Barua alimpa mfanyabiashara wa unga anayevuka kwenda Zambia, naye akaitia posta ng’ambo. Jibu, kama lilikuja, lilikuja kwa njia hiyohiyo baada ya miezi, wakati mwingine likiwa na madoa ya mafuta, na mara nyingi halikuja. Nilimwona siku moja akipokea bahasha sokoni. Hakungoja kufika nyumbani. Aliisoma amesimama katikati ya wauza nyanya, watu wakimsukuma huku na huku, mpaka akafika mwisho.

Wakati huo njaa ilikuwa imebadilisha bukari yetu, yaani ugali. Unga wa mahindi ulipopanda bei, watu walirudi kwenye mihogo, na wengi walipanda ile michungu kwa sababu wezi na nguruwe-mwitu hawaikimbilii. Mihogo hiyo huliwa bila madhara ikiloweshwa mtoni siku za kutosha, kisha ikaanikwa. Lakini mtoni ilikuwa inaibwa. Mama aliyelowesha mihogo yake asubuhi, jioni alikuta shimo lake la kuloweshea likiwa tupu. Kwa hiyo watu walianza kuilowesha nyumbani, ndani ya beseni, kwa usiku mmoja tu, kisha wakatwanga na kupika.

Katika kijiji kimoja nje ya mji, upande wa Buluo, watoto walianza kuamka hawawezi kusimama. Mtoto aliyelala mzima alijaribu kushuka kitandani akaanguka, na tangu hapo, kama alitembea, alitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Muuguzi wa zahanati alisema ni polio. Yule mhadhiri, ambaye kufikia hapo alikuwa rafiki yangu, alikwenda kuwaona, akarudi amekereka. Aliniambia polio hulegeza mguu, ukaning’inia kama kitambaa. Hawa miguu yao ilikuwa imekakamaa kama mbao. Alikuwa ameona mahali fulani, katika mojawapo ya orodha zake, kichwa cha makala juu ya kupooza kwa aina hiyo na mihogo isiyoloweshwa vizuri. Kichwa tu. Makala yenyewe hakuwa nayo, na bila makala hakuthubutu kusema neno, kwa sababu alikuwa mtafiti wa kweli na hakutaka kuwatangazia watu wenye njaa kwamba chakula chao pekee ni sumu, halafu iwe amekosea.

Lakini alimjua mtu mmoja aliyekuwa nayo. Profesa aliyekuwa akisimamia tasnifu yake, mkazi wa Lubumbashi, alikuwa amerudi kutoka Ulaya na sanduku zima la makala, na aliwahi kuitaja hiyo mbele yake. Akapanda lori la makaa hadi Lubumbashi. Profesa alimpokea vizuri, akamkaribisha chai isiyo na sukari, akakiri kwamba makala anayo. Kabati lilikuwa mgongoni pake. Mazungumzo yao alinisimulia mwenyewe, na sikuyasahau.

“Nipatie nisome hapahapa, Professeur. Sitaibeba.”

“Binti yangu, ile ni documentation yangu. Niko naandika juu yake. Ngoja minye nitoe yangu kwanza, kiisha utasoma yote.”

“Kuna bana wadogo wanalemaa, Prof.”

“Bana wanalemaa kila pahali mu hii inchi. Weye ni muntu wa sayansi. Jifunze kungoja.”

Sitaki msomaji amfanye mtu huyu kuwa shetani. Alikuwa hajalipwa kwa muda mrefu. Maabara yake ilikuwa imeporwa hadi mabomba. Lile kabati ndilo lililombakiza kuwa profesa. Kila karatasi iliyotoka humo ilimpunguza, au ndivyo alivyoamini. Nimewaona wengi wa namna yake miaka hii, wasomi wanaolinda vitabu kama wengine wanavyolinda gunia la unga, na kwa hofu ileile. Lakini unga ukimpa jirani unakupungukia. Makala ukimpa mtu aisome inarudi kama ilivyokuwa, na mtu huyo ameongezeka. Tofauti hiyo hakuiona, au aliiona akaogopa.

Rafiki yangu akarudi mikono mitupu na kuandika barua kwa mwandishi wa makala, akampa yule mfanyabiashara wa unga. Kisha akangoja, na miezi ile ya kungoja ilimkondesha. Kule kijijini watu hawakungoja. Kanisa moja la maombi lilitangaza kwamba miguu ya watoto imefungwa na mtu wa nyumbani, na macho yakamwangukia bibi mmoja mjane, mama wa mume wa mwanamke ambaye watoto wake wawili walikuwa wamepooza. Ni yeye aliyekuwa akiwapikia. Walimtoa nyumbani mbele ya wajukuu wake, wakachoma kitanda chake, wakamwambia aende alikotoka. Alitoka kwa miguu kuelekea Kambove, ambako alikuwa na mdogo wake, na ulikuwa msimu wa mvua. Watu wa makaa walimkuta kando ya barabara, ameshakufa, viatu vyake vimepangwa pembeni yake.

Bahasha ilikuja baadaye. Mwandishi alikuwa ametuma makala ile na nyingine alizoandika, pamoja na neno fupi la kutakia heri. Rafiki yangu aliileta ofisini kwetu bila kuamkia, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akaiweka mezani na kunionyesha picha. Mtoto asiyejulikana, wa nchi nyingine ya Afrika, alisimama kwa ncha za vidole, magoti yamekutana. Ungedhani ilipigwa Buluo. Chini yake kulikuwa na maelezo yote: sumu, njaa, kuloweka kwa haraka, kukosa maharage na samaki. Ugonjwa unazuilika. Aliyekwisha kupooza haponi.

Usiku ule aliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile cha sokoni. Mimi, mtu wa Kiswahili cha vitabuni, nilitaka kumsahihisha. Akanikatalia, na alikuwa na haki. “Loweka mihogo siku tatu, anika mu jua, changanya na maharage kama iko.” Tukachapa mpaka wino ukaisha. Jumapili alikwenda kwenye kanisa lilelile la maombi, nikamsindikiza. Mchungaji, na hili nalisema kwa heshima, alimpa nafasi kabla ya mahubiri na kukaa chini kusikiliza. Alieleza polepole. Wanawake wakamjibu kwamba mtoni wezi wataichukua, na hilo makala haikulitaja. Ni mchungaji aliyesimama na kusema maombi ya wiki ile yatafanyika mtoni, kwa zamu, mpaka mihogo ilainike. Walifanya hivyo, na wakaendelea hivyo. Tangu hapo sijasikia mtoto mwingine aliyepooza katika kijiji kile.

Lakini kabla hatujatoka, yule mwanamke mwenye watoto wawili alisimama. Alikuwa na karatasi yetu mkononi, ameishika vizuri, kama watu wanavyoshika cheti.

“Mama, bana wangu watatembea?”

“Hapana, mama. Watabakia vile. Lakini wadogo wao hawatapata.”

Mwanamke akaitazama tena ile karatasi. Kisha akauliza, bila kupaza sauti, “Na hii mambo ya mu karatasi, wakati tulimufukuza mama mukwe wangu, ilikuwaka wapi?”

Rafiki yangu angeweza kusema kwamba ilikuwa Ulaya, au kwamba ilikuwa njiani. Alimtazama usoni, akamjibu ukweli.

“Ilikuwa Lubumbashi, mama. Mu kabati.”

Mwanamke alikaa chini, akajifunika uso kwa kitambaa chake, na kwaya ikaanza kuimba kwa sababu haikujua la kufanya.

Habari za ule ukurasa zilimfikia profesa. Akamwandikia kwamba ametangaza matokeo kabla ya kutetea tasnifu, kwamba amevunja kanuni, na kwamba hatamsimamia tena. Baadaye profesa akaondoka nchini, na kabati lake, nasikia, likaondoka naye. Hakukuwa na msimamizi mwingine wa somo hilo. Rafiki yangu hakulilia shahada mbele yangu, ila mara moja tu aliniambia kwamba inamuuma anapokutana na wenzake wanaoitwa kwa vyeo. Alichofanya ni kuomba chumba parokiani, akapanga humo makala zake zote juu ya meza, bila mlango wa kufuli, na kila aliyetaka alichukua. Walikuja wauguzi, walimu, vijana wa kemia kutoka Kakontwe. Nyingine hazikurudi. Nilipomlalamikia, alicheka: “Kama haikurudi, iko na kazi kule ilikwenda.”

Sisi tunaojua kusoma katika mji huu tumepoteza mengi, na ni rahisi kudhani kwamba kilichobaki mikononi mwetu ni akiba yetu ya faragha. Kuna mtu ana kitabu cha magonjwa ya mahindi chini ya kitanda. Kuna mtu ana ramani ya mabomba ya maji, au tasnifu ya rafiki aliyehama. Hajui ni nani anayekitafuta leo, wala ni nani anayefukuzwa nyumbani kwake kwa sababu hakijaonekana. Fungua kabati lako wiki hii, soma vichwa vya ulivyo navyo, waambie majirani. Anayekihitaji huenda hajui kwamba kipo, kwa hiyo hatakuja kubisha.