Benchi la Kocha Wetu

Kocha wetu wa mpira wa kikapu hapa Mpanda amefariki wiki iliyopita, nami pamoja na kulia nimeudhika, maana ametutoka ubishi wetu ukiwa haujaisha. Mimi nilishikilia kwamba timu ni wale watano wanaoanza. Wengine ni wa kushika chupa za maji. Yeye, hata tukitazama ligi ya kulipwa ya Marekani kwenye televisheni, alikuwa hatazami mpira. Alitazama benchi.

Siku moja tunawaongoza wageni kutoka Sumbawanga, robo ya tatu, akawatoa watano wote kwa mpigo. Uwanja mzima ulipiga kelele. Nikamfuata pale pale: "Kocha, unatuuzia mechi?" Akanijibu bila kugeuka, akiwaonyesha wa benchi waliokuwa wakiingia, "Ndugu mwandishi, na hawa wamekula ugali leo." Tulishinda kwa taabu. Nikaandika hapa kwenye safu yangu kwamba ni bahati, naye akanicheka mwezi mzima.

Basi juzi tumemzika kwao Kasokola. Wale watano nyota wakakamata majembe na sululu, wakagoma kupokelewa: kocha wao watamchimbia wenyewe. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Shimo lilipofika magotini, vifua vilikuwa vinapanda na kushuka, na nyimbo za waliosindikiza jeneza kutoka kanisani zimeanza kusikika. Baba mmoja Msukuma, jirani wa marehemu, akashindwa kuvumilia: "Nyie vijana, mnataka azikwe kesho?" Nahodha akatazama barabarani, akatazama shimo, kisha akainua mkono kuomba mabadiliko, kama yuko uwanjani. Wa benchi wakaruka ndani. Walichimba kwa zamu, na jeneza lilipofika kaburi lilikuwa tayari.

Nilisimama pale nikijua nimeshindwa ubishi na mtu aliyelala ndani ya jeneza, tena mbele ya watu. Inauma. Nikawaza ofisi zetu, ambako bosi akienda likizo na kazi inaenda likizo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kukabidhiwa ufunguo. Tunawapigia makofi wanaoanza, na wanastahili. Lakini mtu haipimi akiba yake siku anayoihitaji. Anaipa nafasi mapema, angali anaongoza. Hilo kocha alinieleza miaka yote nikiwa nabisha, na leo nimekubali, yeye hayupo kunicheka.