Siku Niliyogeuka Mtaalamu wa Divai

Jamani, mpaka leo natafuta pa kuficha uso. Mimi na mume wangu, Baba Neema, tumestaafu, basi tukatoka mjini kwetu Stratford na gari letu kwenda kuzunguka mashamba ya mizabibu na hifadhi za taifa za kusini mwa nchi.

Shamba la kwanza tu, akaenda kuegesha gari. Nikabaki langoni na koti langu jipya la kijani, kumbe linafanana na sare ya wafanyakazi wa pale. Wageni wakanizunguka.

"Tunaanzia wapi?" bibi mmoja akaniuliza.

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini walivyoniangalia kwa heshima, nikajikuta nasema, "Nifuateni."

Nikawapeleka katikati ya mizabibu, nikawaeleza kwamba zabibu nyeusi hupenda jua na nyeupe hupenda kivuli. Mmoja akatoa simu akanirekodi. Nikanogewa! Nikasema divai nzuri mimi naijua kwa harufu tu.

Mara Baba Neema akatokea, anahema.

"Shh," bibi akamwambia, "mtaalamu anaeleza."

"Mtaalamu gani?" akauliza kwa sauti shamba zima lisikie. "Huyu mke wangu! Divai hajaionja tangu azaliwe!"