Mikuyu Iliyolewa

Siku ya kwanza nilipomwona mama wa miche, alikuwa ndani ya tope hadi magotini, akipanda mikuyu palepale mafuriko yalipong'oa ile ya mwanzo. Ukingo wa mto ungemegeka tena, nyumba yake ingekwenda na maji. Kila mche aliuinamisha upande mto unakotokea, kisha akaushindilia udongo kwa kisigino.

"Mbona miche yako imelewa?" jirani alimtania.

"Maji yakija italevuka."

Mimi, kibarua wake, nilimbebea miche, kimya. Mto ulipofurika tena, vilele vya miche vilizama mbele ya macho yetu. Maji yaliposhuka, miche ilikuwa imesimama wima, imejaa matope, na ukingo uko palepale. Hakushangilia; alichukua jembe akaendelea. Kibarua changu kilipokwisha aliniambia, "Haya, Bubu wangu. Ukirudi, upite kivulini mwa mikuyu hii."