Siku Nne za Kutafuta Anwani

Walimwita Bwana Uhakika, na jina hilo alijibandika mwenyewe, jambo ambalo lingetosha kuwatia watu wasiwasi. Kazi yake ilikuwa kukusanya bei za maduka ya mtandaoni kwa niaba ya wafanyabiashara. Sasa muuza majokofu mmoja alimpa jaribio: alete bei za wapinzani wake kufikia Ijumaa jioni, apate kazi ya mwaka mzima. Akishindwa, arudi kutengeneza simu kwenye kibanda cha shemeji yake, alikoapa hatakanyaga tena.

Maduka hayo yaliwafungia wageni wasioonekana kuwa wateja wa majumbani. Alihitaji proksi, yaani njia ya kupitia anwani ya IP, ile namba ya utambulisho mtandaoni, ya nyumba ya mtu, tena isiyobadilika. Akajifungia chumbani siku nne akilinganisha. Kulikuwa na ya kushirikiana: bei poa, lakini mwenzako akiharibu, nawe umeharibikiwa. Kulikuwa na iliyosajiliwa kama ya nyumbani ilhali inakaa kwenye ghala la kompyuta: ina kasi ya ajabu, ila wajanja huinusa. Na kulikuwa na ya nyumba halisi, ya peke yako: ghali, ya polepole, safi. Alichora jedwali la rangi saba, akabishana nalo. Ijumaa asubuhi akachagua ya tatu, akapiga kifua mbele ya mkewe, mshonaji.

"Leo hakuna duka litakalonishtukia. Mimi ni mtu wa nyumbani kabisa!"

Akaiamuru programu yake ifungue kurasa elfu moja. Dakika sita tu, duka la kwanza likamfungia. La pili halikungoja hata hizo.

Mkewe alisimamisha cherehani. "Baba watoto, mtu gani wa nyumbani anatazama majokofu elfu moja kabla ya chai?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku nne amechunguza mlango, hakuwaza hata mara moja mwendo wa anayepita. Akaizima programu, akaingia duka la tatu na kufungua kurasa moja moja kwa kidole, akitulia kidogo kama mtu anayewaza pa kuliweka jokofu. Kufikia saa kumi na moja jioni alikuwa na bei arobaini tu. Akazituma, akampigia muuza majokofu simu aombe radhi kabla hajatukanwa.

"Arobaini?" yule akashangaa. "Kaka, mimi nauza majokofu aina kumi na mbili. Hizo nyingine za nini?"

Bwana Uhakika akalitazama jedwali lake la rangi saba.

"Jumatatu uje uanze kazi," yule akaendelea. "Ila safari hii, kwanza uniulize ninachotaka."