Jua Lilikuwa Bado

Nilipokuwa mtoto kule Kadutu, chumvi ilikuwa na saa yake. Jua likizama, chumvi haitoki nyumbani. Nyanya, mama wa mama yangu, alisema anayeitoa gizani anatoa pamoja nayo baraka ya nyumba, na mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kuwaloga watoto wa humo. Mtaa mzima ulishika mwiko huo, hata sisi tuliosali rozari kila jioni.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Shantie za kujenga nyumba za wazungu kule Nguba zilisimama, na papa, baba yangu, ambaye alikuwa mwashi, alifunga vyombo vyake ndani ya gunia akaenda Luhwindja kutafuta kazi ya dhahabu. Mama alikuwa kijijini Nyangezi, akilima kwa kaka zake ili tupate maharagwe. Tukabaki nyanya na mimi. Na majirani walikuwa hivyo hivyo, sufuria juu ya moto, ndani maji matupu.

Hapo nikaona jambo la ajabu. Jua la chumvi likaanza kuzama mapema. Kwanza watu walikataa gizani, halafu jua likishuka, mwishowe hata saa tisa ya mchana ungeambiwa, "Jua imeshazama, mama."

"Jua ya kwenu iko nalala mapema sana!" aliyekataliwa angejibu kwa dhihaka. Kisha angerudi kwake na kumkatalia mwingine kwa maneno yale yale.

Chumvi yetu ilikaa ndani ya kopo, juu ya kibao karibu na mafiga. Naungama kwamba niliiba. Nyanya akienda kuchota maji, nilichovya kidole nikalamba, nikachovya tena. Tumbo lilidanganyika kidogo. Siku ile nililamba mpaka ikabaki ya kushika kwa vidole vitatu tu, ndipo mlango ukabishwa.

Alikuwa Mama Faida, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa na mtoto mchanga ambaye hajabatizwa, na homa ilikuwa imemshika siku ya tatu.

"Nyanya iko?"

"Ameenda ku maji, Mama."

"Basi nipatie munyu, ile chumvi ya kopo, kidogo tu, mwanangu. Mutoto iko nashindwa kupumua. Nataka niite katekista amubatize. Siku ya ubatizo wa Faida, mupadri alimuwekea munyu ku ulimi. Bila munyu ubatizo haishike. Nimeshabisha milango nne."

Mimi pia niliamini hivyo. Kopo lilikuwa nyuma yangu. Ningempa ile iliyobaki, nyanya angekuta kopo tupu na kuniuliza. Nikaogopa fimbo.

"Jua imeshazama, Mama."

Aligeuka akatazama. Jua lilikuwa bado, limekaa juu ya kilima, linapiga mabati ya nyumba mpaka yanaumiza macho.

"Jua iko pale, mwanangu."

Alinitazama usoni, akanipangusa mdomo kwa kidole gumba, kama mama anavyompangusa mtoto wake, akaenda.

Kabla ya mapambazuko kilio kilipenya ukuta. Nyanya alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilijifunika blanketi. Katika katekisimu tulifundishwa kwamba mtoto asiyebatizwa haoni uso wa Mungu. Nikamwona yule mdogo amesimama nje, peke yake, kwa sababu ya ulimi wangu. Wiki nyingi nilipita nyuma ya nyumba nisikutane na mama yake. Hata kulala niliogopa, kwa maana nikifa hivi nitaenda wapi?

Mama aliporudi na maharagwe, chumvi ilikuwa imekwisha kabisa, na giza limeingia.

"Kimbia kwa Mama Faida," aliniambia.

"Saa hii?" nyanya akanung'unika. "Atakufukuza."

Nilienda nikimwomba Mungu kwamba Mama Faida anifukuze kweli. Hakunifukuza. Alichukua jani la mgomba akalimwagia kijiko kizima cha chumvi.

"Jua imezama, Mama," nikasema.

"Nimeona. Shika."

Nikaanza kulia. "Ilikuwamo, Mama. Siku ile chumvi ilikuwamo."

"Najua. Ilikuwa ku midomo yako." Akakunja jani polepole. "Katekista alisema maji tu inatosha. Nilipoteza saa nzima ku milango ya watu. Lakini alimukuta angali na pumzi, akamubatiza."

Nilimwambia padri dhambi hiyo katika maungamo yangu ya kwanza, akaniondolea, nami naamini Mungu amenisamehe. Chumvi ya kwangu leo inatoka saa yoyote. Lakini kile kidole gumba nilikielewa nikiwa tayari na wajukuu. Mtoto wake alikuwa anakufa, milango mitano imemfungia, na bado alisimama kidogo kunifuta mdomo, ili nyanya akirudi asinikute na chumvi.